Sura ya Tano: Sebule Inayokalika kwa Fedha Kidogo

Wapangaji wanaohamia chumba na sebule katika miji ya pwani, kuanzia Dar es Salaam na Tanga hadi Mombasa, huwa na swali moja linalowarudia kila wanapopita mbele ya karakana za makochi au wanapotembelea nyumba ya jamaa aliyejaaliwa: je, sebule inaweza kupendeza na kukalika bila kutumia fedha ambazo familia haina? Swali hilo ni la haki, kwa kuwa mpangaji aliyekwisha kulipa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, pamoja na malipo ya dalali, aghalabu hubaki na akiba ndogo, na akiba hiyo hiyo ndiyo inayotarajiwa kununua jiko, godoro, ndoo za maji na sare za shule kabla pazia halijakumbukwa.

Jibu la sura hii ni kwamba inawezekana, ila kwa sharti la kubadili mpangilio wa matumizi: fedha ya kwanza iende kwenye vitu vinavyougusa mwili wa anayekaa humo, yaani hewa, mwanga, kiti na sakafu, na ile itakayobaki ndiyo ielekezwe kwenye vitu vya kutazamwa. Familia nyingi hufanya kinyume, zikaanza na seti kubwa ya makochi, kabati la vyombo na televisheni, kisha zikaishia kukaa uani kila jioni kwa sababu ndani hakukaliki. Kukalika, katika sura hii, ni ile hali ya chumba kumwezesha mtu kukaa humo kwa saa kadhaa bila kutokwa na jasho jingi, bila kuumwa mgongo, bila kuchoka macho na bila kuhisi kwamba anatazamwa na wapita njia.

Sebule ni ya nani?

Kabla ya kununua chochote, wanafamilia hawana budi kukubaliana juu ya jambo ambalo kwa kawaida halizungumzwi, nalo ni kwamba sebule hiyo inatengenezwa kwa ajili ya nani. Katika nyumba ya Kiswahili iliyozoeleka mijini, yenye ukumbi mwembamba katikati, vyumba pande zote mbili na ua kwa nyuma, mgeni wa kawaida hakuwa na haja ya kuingia ndani, kwa kuwa alikaribishwa barazani, yaani kwenye kibao cha saruji au cha udongo kilichojengwa mbele ya nyumba kwa ajili ya kukalia, na mazungumzo yakaishia hapo hapo. Mpangaji wa leo mara nyingi hana baraza lake mwenyewe, na kwa sababu hiyo sebule yake imebeba kazi ya baraza, ya chumba cha kulia, ya chumba cha kusomea na, ikifika usiku, ya chumba cha kulala cha vijana wa kiume au cha shangazi aliyekuja kutibiwa mjini.

Pamoja na mzigo huo wote, sebule nyingi hupangwa kana kwamba kazi yake ni moja tu, ile ya kumpokea mgeni wa heshima. Makochi huachwa ndani ya nailoni yaliyotoka nayo dukani, watoto hukatazwa kuyakalia, na glasi za kabatini hukaa mwaka mzima bila kunywewa maji. Ukarimu ni tunu ya watu wa pwani na hakuna sababu ya kuupunguza, lakini ni vyema kukumbuka kwamba mgeni huja na kuondoka ilhali wenyeji wapo kila siku, na kwamba mgeni mwenyewe hutulia zaidi mahali ambapo anawaona wenyeji wake wametulia. Nailoni juu ya kochi, kwa mfano, huzuia jasho kukauka, na hivyo humtesa mgeni na mwenyeji kwa pamoja. Ni bora kochi lichakae kwa kukaliwa kuliko kudumu bila kumfaa mtu.

Njia rahisi ya kufikia makubaliano ni kuitazama sebule kwa wiki moja na kuandika mambo matatu:

- nani hukaa humo asubuhi, mchana na usiku, na kwa shughuli gani;
- ni saa zipi watu hutoka nje ingawa wangependa kubaki ndani, na kwa sababu gani;
- ni kitu gani hakikuguswa na mtu yeyote kwa wiki nzima.

Majibu ya swali la pili huonyesha mahali fedha inapohitajika, na majibu ya swali la tatu huonyesha mahali nafasi inapopatikana bila gharama.

Nafasi kabla ya samani

Chumba cha futi kumi kwa kumi, ambacho ni maarufu katika nyumba za kupanga za Tanzania na Kenya, kina upana wa takriban mita 3 kila upande, yaani eneo la mita za mraba 9. Kochi la watu watatu huwa na urefu wa takriban mita 2 na kina cha sentimita 90, hivyo hula karibu mita za mraba 1.8, la watu wawili hula karibu mita za mraba 1.35, na kila kochi la mtu mmoja hula kama mita za mraba 0.8. Seti kamili ya watu saba, yenye makochi hayo yote pamoja na mawili ya mtu mmoja mmoja, inachukua karibu mita za mraba 4.8, ambazo ni zaidi ya nusu ya sakafu, kabla meza, televisheni na njia ya kupita kati ya mlango wa nje na mlango wa chumbani havijahesabiwa. Hapo ndipo magoti ya wakaaji yanapogongana na meza, na mtoto akakosa mahali pa kutandika daftari lake.

Udogo wa chumba, hata hivyo, haujawahi kuwa kizuizi kwa wajenzi wa pwani. Katika nyumba za mawe za Lamu, nyingi zikiwa zimejengwa katika karne ya 18, dari na sakafu za juu zilibebwa na boriti, yaani miti ya mikoko iliyokatwa kwenye fukwe za matope, na kwa kuwa boriti moja haiwezi kubeba uzito huo kwa urefu mkubwa, upana wa vyumba ulibaki chini ya mita 3, hata kwa matajiri. Wajenzi hao waliviacha vyumba viwe virefu na vyembamba, wakapunguza samani za sakafuni, na vyombo vya thamani wakaviweka kwenye zidaka, ambavyo ni vishubaka vilivyochongwa ndani ya lipu ya ukuta kwa safu juu ya safu. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na miongoni mwa mambo ambayo mpangaji wa leo anaweza kujifunza humo ni kwamba vitu vya kuonyeshwa hukaa ukutani, na sakafu huachiwa watu.

Kwa mpangaji, maana yake ni kwamba rafu mbili za mbao zilizofungwa juu ya usawa wa kichwa cha aliyekaa zinaweza kuchukua nafasi ya kabati zima la vyombo, na kwamba kochi moja imara pamoja na viti vyepesi, au stuli zinazoingizwa chini ya meza, hutosha kuliko seti nzima. Njia ya kupita iachiwe angalau sentimita 70, kwani chini ya hapo mtu mzima hulazimika kupita kwa ubavu. Makochi yasibanwe ukutani kabisa, kwa sababu ukuta wa tofali za saruji hunyonya unyevu wakati wa masika na kuotesha kuvu nyuma ya kitambaa. Pengo la sentimita 5 huruhusu hewa kupita.

Kwa ufupi, hatua ya kwanza haina gharama: ni kutoa kilichozidi, kukiuza au kukipeleka kwa anayekihitaji, kisha kukipima chumba kwa futi ya fundi kabla ya kwenda sokoni.

Upepo, joto na sitara

Katika ukanda wa pwani, joto ndilo adui mkubwa wa sebule, na hakuna mto wala picha inayoweza kufidia chumba kisichopumua. Upepo wa kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi, ambayo ni miezi ya joto kali, na upepo wa kusi huvuma kutoka kusini-mashariki kuanzia karibu Aprili hadi Septemba au Oktoba. Mpangaji anayechagua kati ya vyumba viwili vyenye kodi sawa anapata faida ya miaka mingi akichagua kile ambacho dirisha lake limeelekea mashariki au kaskazini-mashariki na halijazibwa na ukuta wa jirani.

Upepo, hata hivyo, hauingii mahali ambapo hauna pa kutokea. Kanuni hii, ambayo mafundi majengo huiita upitishaji hewa, inamaanisha kwamba dirisha moja lililo wazi halisaidii sana kama mlango ulio upande wa pili umefungwa. Kufungua mlango huo, kwa upande mwingine, kunaivunja sitara, yaani ule usiri wa nyumba ambao kwa familia nyingi za Kiislamu na zisizo za Kiislamu ni sehemu ya heshima. Wakazi wa pwani walikwisha kulitatua tatizo hili kwa pazia la mlango, ambalo ni kipande cha kitambaa chepesi kinachoning'inia mlangoni ili mlango ubaki wazi mchana kutwa, hewa ipite, na jicho la mpita njia lizuiwe. Khanga moja au kipande cha kitambaa cha pamba, springi ya pazia na misumari miwili vinatosha, na hakuna matumizi mengine katika sura hii yanayoleta nafuu kubwa kiasi hicho kwa fedha ndogo kiasi hicho.

Mapazia ya dirishani yafuate mantiki ile ile. Mapazia mazito yenye tabaka mbili na mikunjo mingi, yanayopendwa kwa sababu yanaonekana ya kifahari, huziba upepo na kukusanya vumbi, na yanafaa zaidi nyanda za baridi kama Njombe, Mbeya au Limuru. Pwani inahitaji kitambaa kimoja chepesi chenye rangi ya kufifia, kinachofunika dirisha lililokwisha wekewa wavu wa mbu. Dirisha linalopigwa na jua la alasiri ndilo pekee linalohitaji kitambaa kizito kidogo, nacho kishushwe kuanzia saa nane mchana na kuinuliwa jua likishatua.

Bati nalo lina sehemu yake ya lawama. Paa la bati lisilo na dari hupata joto jingi la jua na kulimwaga moja kwa moja juu ya vichwa vya waliokaa chini yake. Dari, hata ya mbao nyembamba, huacha tabaka la hewa kati ya bati na chumba na kulipunguza joto hilo. Kuweka dari ni kazi ya mwenye nyumba, na mpangaji asiingie gharama hiyo bila makubaliano.

Feni ikieleweka vizuri hutumiwa vizuri zaidi. Feni haipunguzi joto la hewa ya chumbani. Inachofanya ni kuharakisha ukaukaji wa jasho, na ukaukaji huo ndio unaoupoza mwili. Hivyo basi, feni inayozunguka katika chumba kisicho na mtu inakula umeme bure. Feni ya mezani ya wati 50 ikitumika saa 8 kwa siku inakula yuniti 12 kwa mwezi, yuniti moja ikiwa ni wati 1,000 zinazotumika kwa saa moja. Jioni, nje kunapokuwa kumepoa kuliko ndani, feni hiyo hiyo iwekwe karibu na dirisha ikiwa imeelekezwa nje, dirisha la pili au mlango ukiwa wazi, ili iisukume nje hewa iliyopata joto mchana.

Familia za nyanda za juu zina tatizo la kinyume, hasa Juni na Julai, nazo zinahitaji kuziba nyufa za milango, kutandika zulia zito na kuweka mashuka mazito juu ya viti. Kwao lipo onyo moja ambalo halipaswi kupuuzwa hata kwa usiku mmoja: jiko la mkaa lisiwashwe wala kuingizwa ndani likiwa bado lina makaa ili kupasha chumba joto. Mkaa unaoungua hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huzuia damu kubeba oksijeni, na familia nzima inaweza kufa usingizini bila yeyote kuhisi hatari.

Mwanga wa jioni

Sebule nyingi huwashwa kwa balbu moja katikati ya dari, nyeupe na kali, na watu wanaokaa chini yake huonekana wachovu hata wakiwa wazima. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kipimo kinachoitwa kelvini, ambacho huandikwa kwenye boksi la balbu kwa herufi K: balbu yenye kelvini 6500 hutoa mwanga mweupe unaoelekea ubuluu, unaofaa kushonea au kufanyia hesabu, na ile yenye kelvini 2700 au 3000 hutoa mwanga wa manjano unaokaribia ule wa kandili na wa balbu za zamani. Zote mbili aghalabu huuzwa kwa bei moja, na mnunuzi ambaye haulizi hupewa nyeupe.

Inafaa basi sebule iwe na taa mbili. Ile nyeupe ibaki darini kwa ajili ya kusoma na kufanya usafi, na nyingine ya manjano iwekwe chini ya usawa wa macho, pembeni ya chumba, ikiwa ndani ya kifuniko cha kitambaa, karatasi nene au kikapu cha ukindu, mradi balbu iwe ya LED, aina isiyotoa joto jingi, na isiguse kifuniko hicho. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60. Ikiwaka saa 5 kila usiku inakula yuniti 1.35 kwa mwezi, ilhali ile ya zamani ingekula yuniti 9. Waya wa kurefushia umeme usipitishwe chini ya mkeka wala zulia, kwa sababu hukanyagwa, huchubuka na huweza kuwasha moto usioonekana mapema.

Mahali pa kukaa: mkeka, sponji na makochi ya mtumba

Hapa ndipo sehemu kubwa ya bajeti inapostahili kwenda, na ndipo pia wanunuzi wanapokosea zaidi, kwa kuwa kochi huchaguliwa kwa macho ilhali hutumiwa kwa mgongo.

Kianzio cha bei nafuu kuliko vyote ni mkeka. Mikeka ya ukindu hutengenezwa kwa majani machanga ya mkindu, ambayo hukaushwa, hutiwa rangi, husukwa kuwa ukili, yaani utepe mrefu mwembamba, kisha ukili huo hushonwa ubavu kwa ubavu hadi mkeka ukamilike. Kazi hiyo, ambayo kwa sehemu kubwa hufanywa na wanawake, huchukua siku nyingi, na anayenunua mkeka mzuri anapaswa kujua kwamba analipia muda wa fundi zaidi ya majani yenyewe. Katika hewa ya unyevu ya pwani mkeka unalishinda zulia kwa kila hali: haushiki vumbi ndani yake, hauhifadhi unyevu, na unapoa mwilini. Ukitaka kuhifadhiwa, uviringishwe badala ya kukunjwa, kwani mkunjo huvunja majani. Ukimwagikiwa maji, ufutwe na kuanikwa siku hiyo hiyo.

Juu ya mkeka huja godoro jembamba la kukalia, lenye unene wa sentimita 10 hadi 15, lililovishwa kitambaa kigumu na kuegemezwa mito ukutani. Mpangilio huu ni wa kawaida katika nyumba nyingi za pwani, unakalisha watu wengi kuliko makochi, na usiku hugeuka malazi bila kuhamisha kitu. Ubora wa sponji hutegemea uzito wake kwa ujazo, maana sponji nyepesi huwa na hewa nyingi na hubonyea baada ya miezi michache. Mnunuzi asiye na mizani anaweza kuipima kwa goti: goti likiikandamiza na kuigusa sakafu kwa urahisi, sponji hiyo haifai kukaliwa na mtu mzima. Mito inaweza kujazwa sufi, ambayo ni pamba nyepesi itokayo kwenye matunda ya msufi, au mabaki ya vitambaa kutoka kwa fundi cherehani, yaliyokatwa vipande vidogo na kuchanganywa na vipande vya sponji ili yasigande.

Wazee, wajawazito na wenye maumivu ya magoti hawawezi kukaa chini, na ni utovu wa huruma kuwa na sebule isiyo na kiti chao. Kwa ajili yao panahitajika angalau kiti kimoja cha kuegemea chenye urefu wa sentimita 42 hadi 45 kutoka sakafuni na mikono imara ya kusukumia wakati wa kuinuka. Kiti hicho kinaweza kuagizwa kwa fundi, kwa mfano katika karakana za Keko jijini Dar es Salaam au za Gikomba jijini Nairobi, ambako maelewano ya bei huwa mazuri zaidi kwa mteja aliyekwenda na vipimo vilivyoandikwa. Anayeagiza aione fremu kabla haijavishwa kitambaa, kwa sababu mbao mbichi na viungio vya msumari mmoja hufichwa na sponji hadi siku kochi litakapoanza kulia.

Samani zilizotumika ni chaguo jema kwa bajeti ndogo, mradi zikaguliwe mchana. Mambo ya kutazama ni haya:

- fremu, kwa kulitikisa kochi na kuliinua kwa kona moja; likijipinda, viungio vimelegea;
- mbao, kwa kutafuta vitundu vidogo vinavyotoa unga, ambavyo ni dalili ya wadudu walao mbao;
- mishono na mikunjo ya kitambaa, kwa kutafuta madoa madogo meusi ya kunguni.

Kitambaa kilichochanika kisimtishe mnunuzi, kwa kuwa hubadilishwa kwa gharama ndogo ikilinganishwa na fremu mpya. Kochi lenye kunguni, kwa upande mwingine, liachwe hapo hapo lilipo, hata likitolewa bure. Vifuniko vya mito vinavyofulika vifuliwe kwa maji ya nyuzi joto 60 au zaidi, joto linaloua kunguni pamoja na mayai yao.

Familia inayolazimika kununua kochi jipya inaweza kutumia mchezo, ambao Kenya hufanywa ndani ya chama, yaani utaratibu wa watu kuchanga kiasi sawa kila wiki au mwezi na kumpa mmoja wao mchango wote kwa zamu. Mchezo una faida juu ya ununuzi wa mkopo kwa sababu hauna riba, na kusubiri zamu humpa mtu muda wa kuipima tena haja yake.

Rangi, vitambaa na kuta

Rangi ya ukuta hufanya kazi kabla ya pambo lolote. Kuta nyeupe au za rangi ya krimu hurudisha mwanga wa dirisha chumbani, na chumba kikahitaji taa kwa muda mfupi zaidi. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.7 kina takriban mita za mraba 29 za ukuta ukitoa mlango na dirisha. Kwa kuwa lita moja ya rangi ya maji hufunika karibu mita za mraba 10 kwa kupakwa mara moja, kazi nzima ya kupaka mara mbili inahitaji kama lita 6. Chokaa ni nafuu zaidi na hali yake ya kemikali huzuia kuvu kuota, ingawa humwachia alama nyeupe anayeuegemea ukuta, hivyo inafaa zaidi sehemu za juu.

Kuhusu vitambaa, mtu asiyejiamini kuchagua rangi anaweza kuanza na doti ya khanga, ambayo ni khanga mbili zilizouzwa pamoja. Msanii wa khanga amekwisha kuzipatanisha rangi mbili au tatu kwenye pindo na kwenye mji, yaani sehemu ya katikati, na rangi hizo hizo zikirudiwa kwenye pazia na kwenye mto, chumba hupata mwafaka bila kazi ya ziada. Khanga moja yenye takriban sentimita 150 kwa 110 hutoa vipande sita vya kutosha mito mitatu ya sentimita 45. Maneno yaliyoandikwa kwenye khanga yasomwe kabla ya kukatwa, kwa kuwa mgeni atakayekalishwa mbele ya mto huo atayasoma, na huenda akadhani yamemlenga yeye.

Vitambaa vya kufuma, vile vyeupe vinavyotandikwa kwenye migongo ya makochi, vinastahili heshima kuliko ile vinavyopewa na vijana wa leo. Vimefumwa na mama, shangazi au wifi kwa mikono yake, vinalinda kochi dhidi ya mafuta ya nywele, na hufuliwa kirahisi. Tatizo huja pale kila kitu, hadi redio na meza, kinapovishwa. Vitatu au vinne vilivyo safi na vilivyonyooshwa vinaonekana vizuri kuliko kumi na tano.

Picha hutundikwa juu mno katika nyumba nyingi, karibu na dari, mahali ambapo aliyekaa hawezi kuziona bila kuinua shingo. Katikati ya picha pawe kama sentimita 145 kutoka sakafuni, au chini ya hapo pale ambapo watu hukaa kwenye mkeka. Mwenye kuhofia gharama ya sanaa akumbuke kwamba Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha mtindo wa uchoraji unaobeba jina lake jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki mwaka 1972, alichora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya mafuta ya kawaida ya dukani, na kazi ndogo za wachoraji waliomfuata bado huuzwa kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuifikia kwa kujipanga. Picha moja ya namna hiyo, pamoja na picha ya babu na bibi iliyowekewa fremu, inatosha ukuta mzima.

Harufu na mimea

Harufu ya chumba humfikia mtu kabla hajakaa. Udi au ubani uliofukizwa kwenye chetezo dakika chache kabla ya magharibi, madirisha yakiwa wazi, na asumini kidogo kwenye sahani, ni mambo ambayo pwani imeyajua tangu zamani na ambayo hayamlemei mwenye kipato kidogo. Nyumba yenye mtu mwenye pumu iachane na moshi na ibaki na asumini na mrehani.

Mimea inayostahimili kusahauliwa ndiyo inayofaa kuanzia, kama vile shubiri, ambayo huhitaji maji kidogo na dirisha lenye mwanga. Sehemu zisizo na joto kali zinaweza kuotesha Saintpaulia, ua dogo la zambarau lililopelekwa Ujerumani kutoka Usambara mwaka 1892 na ambalo sasa hukaa kwenye madirisha ya nyumba duniani kote, ingawa ni wachache walio nalo katika nchi lilikotoka. Sahani za chini ya vyungu zimwagwe maji mara kwa mara, kwa sababu mbu waenezao dengi, homa iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huzaliana kwenye maji machache yaliyotuama ndani ya nyumba.

Mpangilio wa matumizi kwa mpangaji

Kwa kuwa mpangaji anaweza kuhama wakati wowote, kila shilingi igawanywe kati ya vitu vinavyobebeka na vile vitakavyobaki ukutani. Utaratibu unaopendekezwa kwa mwenye kipato cha mwezi ni huu:

1. Mwezi wa kwanza: kupunguza vitu, kusafisha, pazia la mlango na balbu ya manjano.
2. Mwezi wa pili: wavu wa dirisha na mkeka.
3. Mwezi wa tatu hadi wa tano: godoro la kukalia, mito, na kiti cha wazee.
4. Baada ya hapo: feni kama haipo, rafu, na picha.

Rangi ya ukuta haikuwekwa katika orodha hiyo kwa makusudi, maana ni mali inayobaki kwa mwenye nyumba. Wenye nyumba wengi hukubali gharama yake ikatwe kwenye kodi inayofuata iwapo wataombwa kabla ya kazi kuanza, na hukataa wakiletewa hesabu baada ya kazi kwisha. Mpangaji apeleke kwanza bei ya rangi na ya fundi, makubaliano yaandikwe kwenye karatasi inayotaja kiasi na mwezi wa kukatwa, pande zote mbili zitie saini mbele ya mjumbe au shahidi mwingine, na risiti za duka zihifadhiwe pamoja na mkataba wa upangaji hadi fedha yote itakapokuwa imerudi.